Kalebu na Mlima Alioutazama Miaka 45

Somo: Yoshua 14:6–14. Soma pia Hesabu 13 na 1 Wakorintho 9:24–27.

 

Wapendwa mnaotusikiliza nyumbani, ninyi mlio sokoni, ninyi motari mliosimama chini ya mti mkingoja abiria, na ninyi mtakaosoma karatasi hii baada ya ibada, tunawasalimu katika jina la Bwana. Tunamshukuru Mungu aliyetulinda usiku wa jana hapa Bunia, na tunawakumbuka ndugu zetu ambao usiku haukuwa wa amani kwao.

Juma hili tumechagua kusema juu ya jambo lisilosikika sana katika madhabahu zetu: mwili, na mazoezi ya mwili. Tunajua wengine wameshaanza kuguna. Mzee mmoja wa kanisa alipoona kichwa cha somo alituuliza, “Pasta, sasa mmekuwa watu wa mpira?” Tulicheka pamoja naye. Lakini swali lake ni la haki, na tutarudi kwake.

Tuanze na Kalebu. Alikuwa na miaka 40 Musa alipomtuma kutoka Kadesh-barnea pamoja na wenzake kumi na mmoja kwenda kuipeleleza Kanaani. Walizunguka siku 40. Wakafika Hebroni, na Biblia inataja hata majina ya watu wakubwa waliokaa kule: Ahimani, Sheshai na Talmai, wana wa Anaki. Kalebu aliwaona kwa macho yake. Wale wapelelezi kumi nao waliwaona, watu wale wale, kuta zile zile, mlima ule ule. Waliporudi, wale kumi walisema kwamba mbele ya majitu yale walijiona kuwa kama panzi.

Hebu tusimame hapo kidogo. Nani aliwaambia kwamba wao ni panzi? Si Waanaki. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wapelelezi walionana na Waanaki wakazungumza. Ile picha ya panzi waliichora wao wenyewe ndani ya vichwa vyao, kisha wakairudisha kambini, wakaigawa kwa watu wote, na watu wakalia usiku kucha. Kumbe kuwaza kuna nguvu! Picha moja ndani ya vichwa kumi ililizuia taifa zima jangwani miaka 40.

Kalebu naye alirudi na picha. Miaka 45 baadaye, akiwa na miaka 85, anasimama mbele ya Yoshua kule Gilgali na kuomba apewe mlima ule. Haombi bonde lenye maji, ambalo mzee wa umri wake angestahili. Anaomba mlima wenye miji yenye ngome, na Waanaki wakiwa bado ndani yake. Anasema kwamba nguvu zake za siku ile ni sawa na za siku Musa alipomtuma, kwa vita, na kwa kutoka na kuingia.

Sisi wahubiri tunaipenda sana sura hii. Tumeihubiri mara nyingi, na kila mara tumekimbilia neno “mlima”. Tumewaambia watu, “Dai mlima wako!” na watu wamepiga kelele, na wengine wameruka. Lakini ni lini tulisimama kwenye yale maneno madogo ya kutoka na kuingia? Mtu wa miaka 85 anayeweza kutoka na kuingia ni mtu ambaye hajaacha kutoka na kuingia. Biblia haikutuandikia Kalebu alifanya nini kila asubuhi jangwani, na hatutaki kuongeza juu ya Neno. Tunachojua ni kwamba wenzake wa rika lake wote walikufa njiani isipokuwa Yoshua, na yeye alitembea. Nguvu zilitoka kwa Bwana, ndivyo asemavyo mwenyewe: Bwana ndiye aliyemhifadhi hai. Na nguvu hizo alizipewa akiwa anatembea. Nguvu haziwekwi kama unga katika gunia, zikafunguliwa siku ya kuhitajika.

Sasa tunataka kutubu mbele yenu, kwa sababu somo hili halikuanzia vitabuni. Lilianzia kwa mama mmoja wa kanisa letu.

Jina lake hatutalitaja, ingawa ametupa ruhusa ya kusimulia. Ni mama mjane, muuza samaki wa kutoka ziwani, mwimbaji wa kwaya wa miaka mingi. Alikuwa na ugonjwa wa damu kupanda, ule tunaouita tansio, na kama wengi wetu alikunywa dawa siku kichwa kilipouma tu. Asubuhi moja alianguka karibu na beseni lake. Alipoamka hospitalini, upande wa kushoto ulikuwa umelala: mkono, mguu, na pembe ya mdomo.

Aliporudi nyumbani tulikwenda kumwombea. Hilo lilikuwa jema. Kisha tukamleta katika kesha la Ijumaa, na hapo ndipo tulipokosea. Katikati ya maombi, sifa zikiwa juu, wawili wetu tulimshika mabega tukamwinua, tukamwamuru atembee, tukamwachilia. Akaanguka mbele ya kanisa lote, kitenge kikafunguka. Wamama wakakimbia kumfunika. Sisi tukaendelea kuomba kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu hatukujua la kufanya.

Juma lililofuata neno likaanza kutembea kwamba labda ana dhambi ya siri, labda imani yake ni ndogo. Hatukulitunga neno hilo sisi, lakini hatukulikataa. Mama yule akaacha kuja. Nasi tukapunguza kumtembelea, mara moja kwa mwezi, kisha hata hiyo ikakoma. Tunasema haya redioni kwa sababu tunajua nyumba nyingine katika mji huu, Mudzipela, Nyakasanza, Sayo, Simbilyabo, kuna mgonjwa aliyeachwa na kanisa namna hiyo hiyo. Hatukumfanyia uponyaji, tukamfanyia aibu. Bwana atusamehe.

Aliyemwendea ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana aliyekuwa akimpima hospitalini. Alimpa kazi ndogo sana, mtu angeweza kuzicheka. Kukamua kitambaa kilichokunjwa kama mpira, mara 20 asubuhi, mara 20 jioni. Kusimama akishika mwimo wa mlango, kuhesabu hadi 10, kukaa. Kuinua kisigino. Kila siku, hata Jumapili. Mjukuu wake wa miaka 12 alipewa daftari la kuandika, na kila kazi iliyofanyika alichora kamstari.

Tena yule kijana alimwambia jambo lililotushtua tulipolisikia. “Mama, kabla ya kuusogeza mkono, funga macho. Uone mkono wako ukiingia ndani ya beseni, ushike samaki, umgeuze, umpe mteja. Usiharakishe. Usikie hata ubaridi wa samaki.”

Mama akamjibu, “Mwanangu, samaki ninamjua miaka 30. Huyo sitashindwa kumwona.”

Mmoja wetu aliposikia, alisema huo ni uchawi wa kigeni, mambo ya watu wanaokaa kimya wakijaza akili zao mapepo. Tukajadiliana sana. Na kwa kuwa wengine wenu mnawaza hivyo sasa hivi, tuseme wazi tulipofika.

Waliochunguza ubongo wameonyesha kwamba mtu anapowaza kwa makini mwendo wa mkono wake, sehemu nyingi za ubongo zinazofanya kazi ni zile zile zinazofanya kazi anapousogeza mkono kweli. Ndiyo maana wagonjwa waliopooza huongezewa zoezi la kuwaza juu ya mazoezi ya viungo, na limewasaidia wengi kuurudisha mkono kazini. Kuwaza peke yake hakutoshi. Kitambaa lazima kikamuliwe. Lakini Mungu aliyeuumba mkono ndiye aliyeuumba ubongo, na hatuoni ni kwa nini kuutumia ubongo kuwe uchawi, na kuutumia mkono kuwe halali. Uchawi ni kutaka kulazimisha ulimwengu ufuate mawazo yako huku umekaa. Mama yule hakuwa amekaa. Alikuwa akitoka jasho.

Tukakumbuka pia kijana mmoja wa ng’ambo ya Ziwa Albert, hapo Uganda, zamani kidogo. Wazee wenye umri wetu walimsikia katika redio: John Akii-Bua, mtu wa Lango, kaskazini mwa Uganda, askari polisi. Mchezo wake ulikuwa mbio za mita 400 kuruka viunzi, yaani mtu anakimbia mzunguko mmoja wa uwanja akiruka vizuizi 10, kila kimoja karibu sentimeta 91 kwenda juu. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza wa nne. Wa nne hapewi medali.

Alirudi nyumbani akafanya mazoezi pamoja na mwalimu wake Malcolm Arnold, Mwingereza. Alivaa fulana yenye uzito wa kilo kama 11 akapanda nayo milima. Viunzi alivipandisha juu kuliko vile vya mashindano, akaviruka akiwa bado amebeba ule mzigo. Mtu akipita angeuliza: huyu ana akili? Mashindano hayana viunzi virefu hivyo! Lakini yeye alikuwa akiuzoeza mwili wake jambo gumu kuliko lile linalokuja, ili siku ile viunzi vya kawaida vionekane vifupi.

Tarehe 2 Septemba 1972, kule Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa ambako kona ni kali, njia ambayo wakimbiaji wa mchezo huo hawaipendi. Bingwa wa Olimpiki aliyetangulia, David Hemery wa Uingereza, alikuwa katika mbio zile zile. Akii-Bua akamaliza wa kwanza kwa sekunde 47.82. Kabla yake hakuna mwanadamu aliyekuwa amekimbia umbali ule na viunzi vile chini ya sekunde 48. Uganda ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki.

Na jambo tunalolipenda zaidi ni la baada ya hapo. Alipovuka mstari hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha, akiruka, hata mahali ambapo hapakuwa na kiunzi. Watu walimwona akiruka vitu wasivyoviona wao. Sisi tunaamini mtu yule alikuwa ameviruka viunzi hivyo mara nyingi mno, kwa miguu na kwa mawazo, hata mwili wake haukujua kuacha.

Maisha yake baadaye hayakuwa rahisi, na hatutaki kuwapa hadithi ya sukari tupu. Mwaka 1979, vita ilipoiangusha serikali ya Idi Amin, alikimbilia Kenya na jamaa yake, akawa mkimbizi kama mkimbizi mwingine yeyote, medali au bila medali. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani. Baadaye alirudi Uganda, na mwaka 1997 alifariki akiwa na miaka 47. Ninyi mnaotusikiliza kutoka Kigonze na kambi nyingine za waliohama makwao, mnaelewa mambo hayo kuliko sisi.

Sasa turudi kwa mzee wetu aliyeuliza juu ya mpira. Mstari anaoutegemea tunaujua: 1 Timotheo 4:8, pale Paulo anapomwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kwa kiasi kidogo, na utauwa una faida kwa yote. Wengi tumeusoma kama marufuku. Lakini baba, faida ndogo ni faida! Mchuuzi wa sokoni harudishi faida ndogo. Tena Paulo, anapotaka kueleza utauwa, anakwenda kuazima maneno uwanjani. Neno la Kigiriki analotumia kwa kujizoeza ni lile lililozaa jina la nyumba za mazoezi ya mwili. Na katika 1 Wakorintho 9, anapoeleza jinsi anavyoutiisha mwili wake, anatumia neno la mabondia, la kumpiga mtu chini ya jicho.

Wakorintho walimwelewa mara moja. Karibu na mji wao, mahali panapoitwa Isthmia, mashindano makubwa yalifanyika kila baada ya miaka miwili. Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, akishona mahema, Matendo 18. Watu wa mji ule walikuwa wameona kwa macho yao mtu akijinyima miezi mingi ili avikwe taji la majani. Majani! Baada ya siku chache yamekauka. Paulo hawacheki watu wale. Anawauliza Wakristo: hawa wanaamka mapema kwa ajili ya majani, ninyi mnalala kwa ajili ya nini?

Angalia pia kwamba anasema hapigi ngumi kama apigaye hewa. Sisi wapentekoste lazima tusikie hapo. Tuna kelele nyingi za kupiga hewa. Mtu anatabiriwa huduma kubwa, anafurahi, anaanguka, anainuka, anatoa ushuhuda, na Jumatatu anaamka saa tatu. Mwingine ameona katika maono kwamba atahubiri mataifa, lakini kitabu cha Waamuzi hajakimaliza mara moja. Maono hayo huenda ni ya kweli. Hata Yusufu aliona miganda ikimwinamia, lakini kati ya ile ndoto na siku ile ndugu zake walipoinama kweli kulikuwa na kazi katika nyumba ya Potifa na hesabu za gereza. Kama maono hayajagusa saa yako ya kuamka, sisi tungekushauri uyaangalie tena.

Hapa Kongo tunao vijana wa kutufundisha jambo hili. Popole Misenga alizaliwa Bukavu. Alikuwa na umri wa miaka 9 hivi vita ilipomtenga na jamaa yake, akakaa msituni siku 8 kabla ya kuokotwa na kupelekwa Kinshasa. Katika kituo cha watoto waliokimbia vita ndipo alipofundishwa judo. Yolande Mabika naye, mtoto wa Bukavu, alitengwa na wazazi wake kwa vita, akafikia Kinshasa na judo kwa njia kama hiyo. Mwaka 2013 wote wawili walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia wakaamua kubaki huko kama wakimbizi. Mwaka 2016 dunia ilipounda kwa mara ya kwanza timu ya wakimbizi ya Olimpiki, watu 10 tu, wao walikuwa wawili kati ya hao.

Tarehe 10 Agosti Popole alishinda pambano lake la kwanza, dhidi ya Mhindi. La pili alipambana na bingwa wa dunia, Gwak Dong-han wa Korea, akashindwa. Yolande alishindwa katika la kwanza. Hakuna medali. Lakini fikirini mazoezi ya judo yalivyo. Mtu anarudia kuingia kwa mwenzake ili kumtupa, anaingia na kutoka, mara mia, bila kumtupa. Na kabla ya yote anafundishwa kuanguka. Kuanguka! Siku za kwanza ni kuanguka tu, kwa ubavu, kwa mgongo, kupiga mkeka kwa mkono na kuinuka. Mtoto aliyetoka siku 8 za msitu anapewa mtu wa kumwangusha salama na kumwinua tena, kila siku, saa ile ile. Tunafikiri kuna uponyaji katika hilo ambao makesha yetu yangeweza kujifunza.

Kwa sababu, wapendwa, sisi wa Ituri tayari ni watu wa mazoezi. Tangu 1999 tumezoezwa hofu. Mlango ukigongwa usiku, kichwa kinaona panga kabla ya mtu kusema “Hodi”. Pikipiki ikilipuka moshi, mtoto yuko chini ya kitanda. Jirani wa kabila lingine akipita kimya, mawazo yanamchorea nia ambayo labda hana. Hatukuzaliwa hivyo. Tumerudia, usiku baada ya usiku, mpaka hofu imekuwa na misuli. Mtu hawezi kuambiwa “usiogope” mara moja katika ibada akawa huru na miaka yote hiyo. Anahitaji zoezi jingine la kurudia mahali pa lile la kwanza. Wapelelezi kumi hawakukosa mawazo. Walikuwa nayo mengi, ila walizoea kujiona panzi.

Turudi kwa mama yetu. Mwezi wa tano wa mazoezi yake ndipo sisi tulipopata ujasiri wa kwenda kuomba msamaha. Alikuwa amesimama, ameshika mwimo wa mlango. Hakutukaribisha haraka. Alisema, “Ngojeni, sijafika kumi.” Tukangoja nje hadi alipohesabu kumi, akakaa, ndipo akasema, “Karibuni, wachungaji.”

Alituambia kwamba kila usiku kabla ya kulala anakwenda kanisani. Tulidhani anaota. Akaeleza: anafumba macho, anatoka mlangoni, anapita mti wa parachichi wa jirani, anavuka mtaro, anapita duka la mkate, anapanda kidaraja kimoja cha saruji, anaingia, anakaa benchi la tatu la kwaya. Anahesabu hatua. Akipotea hesabu anarudi mlangoni kuanza upya. Mjukuu alikuwa amempimia kwa miguu yake: hatua 340.

Mwezi wa kumi na moja, Jumapili, alitoka kweli, na fimbo, mjukuu nyuma yake akibeba kiti cha plastiki. Alipita mti wa parachichi. Alipofika mtaroni akakuta mvua ya usiku imebomoa ukingo, na mtaro umekuwa mpana kuliko ule aliouvuka kichwani. Alisimama pale muda. Kijana mmoja akataka kumbeba, akakataa. Aligeuka akarudi nyumbani. Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba, alisema aliisikia akiwa njiani kurudi.

Juma lile wababa watatu wa kanisa waliweka mbao mbili juu ya mtaro. Hilo ndilo jambo la kwanza la maana tulilomfanyia tangu augue. Naye usiku aliongeza mbao katika safari yake. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la tatu. Mkono wa kushoto bado haufungi sawasawa. Wakati wa kuabudu anauinua kwa kuushika na ule wa kulia. Tunaendelea kumwombea Bwana amalize kazi, na yeye anaendelea kukamua kitambaa, na hatuoni mambo hayo mawili yakigombana.

Sasa tuseme la kufanya. Kwanza, hatusemi na mama anayebeba bidoni ya lita 20 kila asubuhi, wala na baba anayelima siku nzima. Mazoezi hayo mnayo, na pengine mnachohitaji ni mtu wa kuwapokea mzigo. Tunasema na sisi wachungaji tunaokaa ofisini na kula katika kila ziara, na wenye maduka, na watumishi wa serikali, na motari ambao siku nzima ni makalio tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma. Gawanya kwa siku tano: dakika 30. Ni kutembea kwa haraka kidogo, ya kukufanya uhemee lakini uweze kuongea. Kwa hiyo unaweza kuomba ukitembea! Mwenye tansio, mwenye sukari, mwenye moyo, aende kwanza kupimwa, na dawa aliyopewa asiiache kwa sababu ya zoezi wala kwa sababu ya kesha.

Chagua kitu kidogo ambacho hata siku mbaya utakifanya. Danieli aliomba mara tatu kwa siku kwa saa zake, na amri ya mfalme ilipotoka alifanya kama alivyozoea. Hakuanza siku ile.

Na usiku, kabla ya kulala, mahali pa kurudia habari mbaya za mchana, tembea kwa mawazo njia unayotaka Bwana akupitishe. Kama ni kurudi kijijini kwenu, tembea barabara ile, uone mwembe, uone nani utamsalimu kwanza. Kama ni jirani uliyekosana naye, jione ukibisha mlangoni kwake, tafuta neno utakalolisema. Ukifika mtaroni na mtaro ni mpana, usidanganye. Rudi, uanze tena kesho, na utuambie, tutafute mbao.

Sisi wa kipindi hiki tumeanza kutembea kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi kulipokucha vizuri, kutoka kiwanja cha kanisa. Siku za usalama mbaya tunazunguka kiwanja ndani ya ua. Mzee wa swali la mpira alikuja Jumatano iliyopita amevaa viatu vya ibada. Akatembea nasi mizunguko minne, akasema magoti yamekataa, akakaa kwenye kiti cha plastiki kutuhesabia.

Tuombe. Bwana, wewe uliyemhifadhi Kalebu, tuhifadhi nasi tukiwa njiani. Uwaangalie walio kitandani asubuhi hii, na wale tuliowaacha. Tupe ujasiri wa kwenda kwao juma hili. Katika jina la Yesu. Amina.